Shibiri ya Dada Ruwaida

Sokomatola,
Mbeya.
Alhamisi, 12 Juni 2025.

Mpendwa Dada Ruwaida,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba karatasi hii ikukute umekaa barazani kwa Mwanakhamisi, miguu umeinyoosha juani na vidole vimekupa nafuu. Naanza kuuliza vidole kabla ya watu kwa sababu ndivyo vilivyokuondoa kwetu. Je, joto la Tanga limevilegeza kama daktari alivyosema? Kikombe cha asubuhi unakishika mwenyewe, au bado Shemeji Selemani anakunywesha kama bwana harusi wa juzi? Mwambie nimeuliza, na jibu nalisubiri.

Sisi huku wazima. Baridi ya Juni imekuja na hasira zake zote. Asubuhi mashine yangu ya kushona inagoma mpaka niitie mafuta yaliyopashwa moto, na mimi nagoma mpaka Naima anipashe maneno. Kukikucha naona ukungu tu kule juu mlimani, nasema heri uliondoka, vidole vyako visingeiweza hii.

Sikukuu ya kuchinja imepita salama. Mwanangu Iqbal alifunga duka lake la vipuri kule Chunya akaja siku tatu. Alifika amepauka vumbi hata Naima, mama yake, akamwogesha kwa macho kabla ya kumpa maji. Kuhusu kanzu usiniulize. Nimewashonea watu wa misikiti miwili, mwenyewe nikasali na ya mwaka juzi, mkono wa kulia nimeupindua kuficha doa la pilau. Hakuna aliyeona ila Naima, na kwa bahati mbaya Naima anatosha.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini na kalamu. Kwenye simu, dada, nikitaja tu neno duka unaniambia mtandao wa Tanga mbaya, halafu unakata. Barua haikatiki. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Unakumbuka tulivyoagana stendi kabla ya Ramadhani. Ulikuwa umekunja mikono ndani ya mtandio, ukaniambia, "Habibu, mkono wangu umekwisha na kazi imekwisha. Funga upande wa maua, ubaki na nguo zako. Sitaki watu wa Mbeya waone kichaka cha fundi kaptula waseme ni cha Ruwaida." Nikakubembeleza mpaka kondakta akakasirika. Ndipo ukanipa harusi moja, ya Benedicta, ambaye mama yake alikwisha kuweka oda. Ukasema ikienda vizuri tutazungumza, na ikiharibika nishushe kibao chenye jina lako siku hiyohiyo. Nilikubali. Harusi imeshapita, na taarifa ndiyo hii. Sitaficha kitu, maana ungeyapata kwa mtu mwingine, tena yakiwa yametiwa chumvi.

Kwanza zile karatasi. Najua ulizicheka. Ile miezi miwili ya mwisho nilipokuwa nimesimama nyuma yako na daftari, ulidhani nimekimbia kushona sketi za shule. Kweli nilikuwa nakimbia sketi, lakini pia nilikuwa naandika. Kila ulichokifanya nilikiandika, halafu nikakihamishia kwenye karatasi za mifuko ya saruji, kama zile ninazokatia sare. Karatasi namba moja ni ya meza ya wageni, namba mbili ya meza kuu, namba tatu ya shada la bibi harusi, namba nne ya mashada ya msiba, namba tano ya njia ya kuingilia ukumbini. Kila moja inasema mashina mangapi ya ua kubwa, mangapi ya ua dogo, majani kiasi gani, lipi linatangulia na upande gani uachwe wazi. Rangi anachagua mteja. Aina ya ua anachagua Mungu na msimu: mawaridi yakigoma tunaweka gladiola, lakini umbo ni lile lako.

Ulisema maua si kaptula. Ni kweli. Lakini mimi kwa miaka ishirini na sita nimevalisha shule nzima kwa karatasi moja ya kukatia, na hakuna mama hata mmoja aliyemkosa mwanawe mstarini.

Kuna kitu kimoja sikujua kukiandika. Ulikuwa ukimaliza unarudi nyuma hatua mbili, unafumba jicho la kushoto, unabana midomo kama mtu aliyelamba ndimu, halafu unachomeka mashina matatu ya mwisho mahali ambapo mimi nisingepaota. Hayo matatu nilihangaika nayo wiki nzima. Mwishowe, chini ya kila karatasi nikaandika hivi: "Rudi nyuma. Fumba jicho. Matatu ya mwisho weka unavyoona." Msaidizi wako Jackline ndiye anayeyaweza. Juzi alichomeka masuke ya ngano aliyoyakuta kwenye gunia la majani, nikataka kumkemea, nikayaacha kwa jinsi yalivyopendeza. Mimi nikifumba jicho moja yanafumba yote mawili.

Damari, yule anayetulimia maua kule Umalila, ndiye aliyefurahi kuliko wote. Zamani ulikuwa unampigia Alhamisi unamwambia alete chochote kizuri mpaka Mbalizi, yeye anakesha akiwaza kizuri ni kipi. Sasa mteja akituambia meza arobaini, tunazidisha kwa karatasi, na Damari anajua miezi minne kabla apande ngapi. Ananiambia, "Kaka Habibu, zamani nilikuwa nalima maua. Siku hizi nalima harusi." Ng'ombe wake kazaa pia, kasema nikuarifu, jike.

Basi Benedicta. Kama ujuavyo, send-off ilikuwa hapa Mbeya kwa wazazi wake, na harusi yenyewe Iringa kwa wakwe, Jumamosi iliyofuata. Mama yake akaja na sharti moja: maua ya Iringa yawe yale yale ya Mbeya, meza kwa meza, ili wakwe waone kuwa binti katoka kwa watu waliojipanga. Zamani ungepanda basi na ndoo zako ukaenda kupanga mwenyewe. Mimi nikasema hakuna shida, karatasi itasafiri.

Send-off ilipendeza, dada. Sina la kuongeza. Jackline alipanga na karatasi mkononi, mimi kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo na kusifiwa. Nilisifiwa sana. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Iringa tuna mtu anaitwa Liberatus, humjui, kaanza mwaka huu pale kwenye kibanda chetu cha Miomboni. Alikuwa mpakiaji wa mbao kule Mufindi mpaka mgongo ukamkatalia. Ni mpole, msikivu, na kusoma anasoma vizuri. Alikaa kwetu wiki moja, lakini wiki hiyo hapakuwa na harusi hata moja, akajifunza mashada ya msiba tu, na shada hupangwa juu ya ringi ya waya, ukubwa umeshapimwa. Nikampa na karatasi nyingine nne, nikamwambia afuate neno kwa neno. Maua yakaenda na basi la Ijumaa, mimi nikafuata na la Jumamosi alfajiri, nimevaa koti langu zuri na futi yangu ya kupimia shingoni, kwa mazoea tu. Hata kwenye msiba huwa naivaa.

Nilifika ukumbini saa nane. Wageni walikuwa waingie saa kumi na moja. Nikasukuma mlango, na ukumbi sikuuona. Niliona shamba la mahindi lililokosa mbolea. Kwenye kila meza maua yamesimama marefu, membamba, yanayumba kila upepo ukipita dirishani. Meza kuu ndiyo usiseme, maharusi wangekaa nyuma yake kama watu wanaojificha mgambo.

Liberatus akatokea katikati ya hilo shamba anapangusa jasho, uso umejaa furaha.

"Kamwene, Baba Iqbal. Umeonaje?"

"Liberatus, hii ni nini?"

"Namba moja hiyo. Nimefuata neno kwa neno, kama ulivyosema." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu. "Hapa umeandika urefu juu ya chombo shibiri mbili na nusu. Haya, hii moja." Akatandaza kiganja mezani. Dada, kiganja cha Liberatus ni sinia. "Hii mbili. Na nusu. Nikasema moyoni, huyu dada yao lazima ni mtu mrefu sana."

Nilikaa kwenye meza moja ya wageni, yeye akakaa upande wa pili ili tupime.

"Liberatus, upo?"

"Nipo."

"Wewe unaniona?"

"Naona koti."

Nilitaka kukasirika nikakosa wa kumkasirikia, kwa sababu karatasi ni yangu na mwandiko ni wangu. Wewe ulikuwa unapima kwa mkono wako, unasema shibiri moja, shibiri mbili, na mimi naandika vilevile unavyosema. Mimi, Habibu, mtu aliyelala, kula na kuoa na futi shingoni, niliandika mkono wa mtu badala ya inchi. Ningemkuta mwanafunzi wangu kaandika kiuno cha mteja "shibiri nne" ningemfukuza. Mbeya hatukugundua kwa kuwa kiganja cha Jackline ni kidogo kama chako.

Basi futi ninayo, mkasi ninao, maua yapo, ila nikate inchi ngapi? Shibiri yangu ingekosea kwa upande wangu. Nikampigia Jackline anipimie ya kwake, maana ndiyo iliyotupatia send-off. Simu ilipokuwa inaita, nikakumbuka sakafu.

Ndiyo, dada, sakafu hiyohiyo. Mwaka 2010, fundi kamaliza kupiga saruji mlangoni, mimi naenda kumletea chai, narudi nakuta kiganja kizima kimezama, vidole vyote vimetanuka, na wewe umesimama pembeni na ndoo unasema ni paka. Miaka kumi na mitano umeshikilia kuwa ni paka. Ukaja ukaweka pipa la maji juu yake ili yaishe. Hayakuisha.

"Jackline," nikamwambia, "sogeza pipa la maji lililo nyuma ya mlango."

"Limejaa, Baba Iqbal."

"Limwage. Chini yake kuna mkono."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Mkono wa nani?"

"Wa Dada Ruwaida."

"Si yuko Tanga? Kaenda na mikono yake yote miwili, mimi ndiye niliyemfungia begi."

"Huo mwingine aliuacha. Chukua rula yangu, pima kutoka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho."

Nikasikia maji yanamwagika, nikasikia Naima anauliza nani amekufa, nikasikia pipa linaburutwa. Liberatus amesimama mbele yangu, mikono kaiweka nyuma kama mtoto wa shule.

"Saba na robo," Jackline akasema. Kisha akaongeza, "Baba Iqbal, na pete inaonekana."

Paka wa vidole vitano, na pete. Nalisema hili mara moja tu, sitalirudia tukionana.

Mbili na nusu za kwako ni inchi kumi na nane na chembe. Chembe nikaiacha. Shibiri mbili na nusu za Liberatus zilikuwa zaidi ya ishirini na tano. Tukaanza: chomoa, kata, rudisha kwenye tundu lilelile la sponji ya chomboni. Meza ya kwanza ilituchukua dakika kumi na tano, na meza zilikuwa arobaini, bila kuhesabu meza kuu. Hapo nilikiona kibao chako kinashuka, dada. Nilikiona kabisa, na mimi niko juu ya ngazi na bisibisi.

Kilichotuokoa ni karatasi ileile iliyotuponza. Akina mama wanne wa kamati walikuwa pembeni wanakunja vitambaa, wakauliza kulikoni. Nikaikata namba moja kwa mkasi, mstari kwa mstari, nikampa kila mmoja wake. Huyu anachomoa na kukata ua kubwa, huyu dogo, huyu majani, huyu anachungulia upande wa wazi. Mimi napita na futi. Hawajawahi kupanga ua maishani mwao, na kila mmoja alijua afanye nini. Mmoja akasema, "Kumbe maua yana mapishi." Saa kumi na nusu tulikuwa tumemaliza, na mimi koti limechafuka kijani mpaka kwenye kola.

Yale matatu ya mwisho yalikuwa kazi ya Liberatus. Nilimwacha. Alirudi nyuma, akafumba jicho, na mkono ule wa kubeba magogo ukachomeka matatu mafupi, chini kabisa, upande mmoja, kama kitu alichokidondosha kwa bahati mbaya. Meza zote arobaini. Sikuligusa hata moja.

Mama Benedicta aliingia kabla ya wageni. Nikamwamkia, akanipita. Alikwenda meza ya kwanza, akaenda ya tano, akainama. Unakumbuka ulimpambia Paskalina, binti yake mkubwa, miaka ile.

"Habibu," akasema, "ulinidanganya. Ulisema dada yako yuko Tanga."

"Yuko Tanga, mama."

"Sasa hii si ya Paskalina hii? Nani kapanga?"

Nikamwonyesha Liberatus. Mama akamtazama usoni, akamtazama mikono, akarudi kwangu kuona kama nafanya mzaha. Halafu akagusa yale matatu ya chini kwa kidole kimoja. "Haya hayakuwepo kwa Paskalina," akasema. "Lakini dada yako mwenyewe angeyapenda." Akanishukuru kwa ndaga ya kwao, akaenda kukaa, na niliona kuwa amekaa mahali ambapo angemwona binti yake vizuri juu ya maua. Alimwona.

Hiyo ndiyo taarifa. Harusi haikuharibika. Iliharibika kwa saa mbili na nusu, mlango ukiwa umefungwa, na kosa lilikuwa langu, si la karatasi wala la Liberatus. Hukumu ni yako.

Niliporudi nilikaa nikaziandika upya zote tano, nikafuta shibiri nikaweka inchi. Nilidhani nimemaliza. Lakini Liberatus alikuwa ameniletea mwanzi kutoka Iringa, nikakata vijiti vitatu vya inchi saba na robo, nikavipiga msasa ili wasihangaike na futi mikono ikiwa na maji. Kimoja kinaning'inia kwa kamba mezani kwako hapa Sokomatola, kimoja kiko Miomboni. Sijui nani alianza. Siku moja nashona, nasikia nyuma ya pazia Jackline anamwambia mteja, "Hili nitakukatia ruwaida mbili." Nikadhani nimesikia vibaya. Wiki iliyopita Liberatus, ambaye hajawahi kukuona hata kwenye picha, ananipigia simu kulalamika: mawaridi ya safari hii mafupi, hayafiki ruwaida tatu. Na Damari naye anakata shambani ruwaida nne ili awe salama. Mimi sikuwafundisha.

Kibao bado kiko juu. Ukisema kishuke, nitapanda ngazi mwenyewe, ingawa unajua mimi na ngazi. Lile jina la midomoni mwao ndilo nitakaloshindwa kulishusha.

Kijiti cha tatu kimo ndani ya kifurushi hiki, nimekifunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare ili kisivunjike. Usijaribu kukipima na mkono wako, dada. Najua asubuhi nyingine vidole havinyooki kufika huku na huku, na sitaki ujilazimishe ukaumia kwa ajili ya mwanzi. Kiweke tu mezani karibu nawe. Pipa sikulirudisha mahali pake, na wanaoingia dukani wamejizoesha kuruka pale mlangoni wasipakanyage. Mkono ule haujapungua hata robo inchi.

Nisalimie sana Shemeji Selemani na goti lake, Mwanakhamisi na wanawe, na yule jirani yenu aliyenikirimu samaki. Naima anakusalimu, anasema shuka lake ulilochukua kwa kukosea umebaki nalo, sasa ni lako. Iqbal anakuamkia. Jackline anakuamkia pia, na anaomba kuhakikishiwa kuwa huko uliko una mikono miwili.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulainishie viungo, na akufikishie hii ukiwa na moyo mweupe juu yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye siku zote,

Habibu,
fundi kaptula.